Sauti Ikikwaruza, Usikimbilie Amplifaya

Mdogo wangu unayeanza kazi ya fundi mitambo, mara ya kwanza kuachiwa mitambo peke yangu ilikuwa kwenye kigodoro huko Mbagala. Singeli imekolea, watu wanadai "ongeza!", nami naongeza. Ilipofika saa tano usiku twita zote mbili, zile spika ndogo za sauti kali, zilikuwa kimya na muziki unatoka kama umefunikwa blanketi. Mwenye mitambo hakunigombeza. Alinionyesha taa nyekundu za mikseri, zinazowaka sauti ikizidi, akauliza, "Hizi zimeanza kuwaka saa ngapi?"

Muziki unatoka kwenye simu, unapita mikseri, kisha amplifaya, ndipo ufike kwenye spika. Ukipasukia mwanzoni, hakuna kifaa cha mbele kitakachouziba. Wengi hushusha amplifaya huku geini ya chaneli (kile kitufe cha mikseri kinachopandisha sauti inapoingia) imejaa: kelele inapungua, mkwaruzo uko palepale. Anza na geini, na uache nafasi kabla ya taa nyekundu. Mshereheshaji akijaribu maiki huongea kistaarabu. Subiri bibi harusi aingie ukumbini, utamjua.

Amplifaya nayo ikidaiwa kuliko uwezo wake hukata vilele vya mawimbi, vikawa bapa. Wimbi lililokatwa hadi likawa mraba lina nguvu mara mbili ya wimbi laini la kimo kilekile, tena limejaa sauti kali zinazokwenda moja kwa moja kwenye twita. Ndiyo maana amplifaya ndogo iliyosukumwa kupita uwezo huweza kuunguza spika kubwa kuliko yenyewe.

Na faida yenyewe ni ndogo. Kutoka wati 500 hadi 1,000 unapata desibeli 3 tu, ambazo mchezaji huziona kidogo tu. Afadhali upandishe spika juu ya vichwa vya watu, au usogeze jozi nyingine katikati ya uwanja, kwa sababu kwenye eneo la wazi kila umbali ukizidi mara mbili unapoteza kama desibeli 6.

Angalia pia umeme. Ukivutiwa waya mwembamba kutoka nyumba ya tatu, unaogawana na friji ya soda, kila besi ikipiga taa zinafifia, na amplifaya inapasua sauti mapema. Dai waya mnene, wa mitambo peke yake.

Kwenye maiki, kata sauti nzito za chini ya hezi 100. Hapo hakuna maneno, ni mshindo wa mkono na upepo.

Siku hizi wakinipigia kelele "ongeza!" na taa zimeshakaribia nyekundu, naondoa besi taratibu kwa nusu dakika, halafu nairudisha palepale ilipokuwa. Uwanja mzima unalipuka.