Vanila ya Bourbon, ya Tahiti na ya Meksiko: ninunue ipi?

SWALI: Ndugu Mhariri, kila ninapotaka kununua vanila nakuta majina mengi yanayonichanganya. Mara ya mwisho nilinunua maganda kwa bei kubwa, na nilipofungua pakiti nikayakuta makavu kama vijiti. Je, majina hayo ni ya mimea tofauti? Na vanila nzuri hutambulikaje?

JIBU: Mengi ya majina hayo hutaja mahali, si mmea. Vanila ni tunda la okidi iliyotoka Meksiko, na karibu yote inayouzwa duniani ni ya spishi moja, Vanilla planifolia. Bourbon ni jina la zamani la kisiwa cha Réunion, na siku hizi huitwa hivyo planifolia ya kisiwa hicho, ya Madagaska na ya Komoro. Kwa hiyo Bourbon na ile ya Meksiko ni ndugu wa damu, waliotofautishwa na udongo, hali ya hewa na namna ya kukaushwa. Ya Tahiti ndiyo tofauti hasa: maganda yake ni manene, hunukia maua na matunda, na kwa kuwa harufu hiyo hupotea upesi motoni, mimi huichagua kwa krimu na vitu vya baridi, huku keki nikiziachia planifolia.

Bei isikushangaze. Ua la vanila huchanua kwa siku moja tu, na nje ya makazi yake ya asili huchavushwa kwa mkono, kwa mbinu iliyobuniwa mwaka 1841 kisiwani Réunion na Edmond Albius, kijana mtumwa wa miaka 12, ambaye kila mlaji wa vanila anastahili kumjua. Tunda hukaa takriban miezi 9 mtini, kisha huchovywa katika maji ya moto, hufunikwa litoe jasho na kukaushwa polepole kwa miezi kadhaa, hata kilo 5 au 6 za maganda mabichi zibaki kilo 1. Kichupa cha bei ndogo sana kilichoandikwa “ladha ya vanila” kwa kawaida kina vanilini (kiini cha harufu ya vanila) ya kiwandani, ambayo wanakemia waliitengeneza kwa mara ya kwanza mwaka 1874. Haina madhara, lakini asikuuzie mtu kwa bei ya vanila halisi.

Ukiruhusiwa kushika, lizungushe ganda kwenye kidole: zuri hujikunja bila kuvunjika, hung'aa na kuacha mafuta kidogo kwenye ngozi. Ukiona weupe juu yake, utazame kwa makini. Ukimetameta kama sindano ndogo, hiyo ni vanilini iliyoganda, tena ni dalili njema; ukiwa ungaunga au manyoya na kunuka uvundo, ni ukungu, na ganda hilo usilinunue.

Ukavu wenyewe si lazima uwe udanganyifu. Maganda huuzwa kwa madaraja: daraja A lina unyevu wa karibu asilimia 30, na B lina pungufu zaidi kwa kuwa hukusudiwa kutengenezea kiowevu cha vanila. Kosa ni kuuziwa B kwa bei ya A. Kama maganda yako bado yananukia, yapasue kwa urefu, yatumbukize katika maziwa ya vuguvugu hadi yalainike, kisha zikwangue mbegu kwa mgongo wa kisu. Yaliyobaki yafungie katika chupa isiyopitisha hewa, mahali penye giza, wala usiyaweke kwenye jokofu, kwani huko hukauka zaidi na huweza kuota ukungu.