Nilivyopima spiriti kwenye petroli kwa chupa ya pilipili

Pikipiki ilinizimikia mara ya kwanza Ihumwa, hapa Dodoma, Januari, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikielekea Hombolo kuangalia zabibu. Nikapiga kiki, ikawaka, ikaenda kama mita mia mbili, ikakohoa, ikazima tena. Jana yake jioni nilikuwa nimejaza mafuta kwenye sheli moja mjini, kwa hiyo hukumu niliitoa kabla hata sijashuka kwenye kiti: nimeuziwa mafuta machafu. Nikampigia mke wangu simu kumwambia hivyo hivyo. Sheli yenyewe siitaji, na mkiendelea kusoma mtaelewa kwa nini nina aibu kidogo.

Fundi wangu wa Chang'ombe alifungua tangi, akachungulia, akanusa.

"Kaka, hii imeingia maji. Ngoja nikutilie dawa."

Dawa ilikuwa spiriti, ile wanayotumia mafundi seremala kung'arishia makabati. Chupa ya nusu lita, akamimina karibu yote. Akanieleza kwamba spiriti inakunywa maji, kisha maji yanaungua pamoja nayo na kutokea kwenye ekzosi. Nikalipa, nikashukuru. Siku mbili baadaye pikipiki ilikuwa mbaya kuliko mwanzo, na mimi nikawa na watuhumiwa wawili badala ya mmoja.

Spiriti ile ni ethanoli, pombe ile ile iliyomo kwenye divai yetu ya Dodoma na kwenye gongo, ila imetiwa sumu makusudi ili watu wasiinywe. Kuitia kwenye petroli si uchawi wala si wizi kila mahali. Malawi wamekuwa wakichanganya ethanoli ya miwa kwenye petroli tangu 1982. Brazil inazidi robo ya ujazo. Uingereza, tangu Septemba 2021, petroli ya kawaida pampuni ina hadi asilimia 10. Ukifungua kitabu cha maelekezo cha jenereta au cha pampu ya kumwagilia, mara nyingi utakuta onyo kwamba ethanoli isizidi asilimia 10, kwa sababu ikizidi inasumbua mipira na mipira ikilegea kabureta inaziba. Pia ethanoli ina nguvu kama theluthi mbili tu ya petroli, kwa hiyo ikiwa nyingi kilomita zako kwa lita zinapungua.

Sasa kipimo. Kinategemea jambo moja tu: petroli na maji haviivi chungu kimoja. Ukivitikisa pamoja, ukiviacha, maji yanazama na petroli inapanda juu. Ethanoli inakaa na wote wawili, lakini ikilazimishwa kuchagua inakwenda kwa maji. Kwa hiyo ukiweka maji unayoyajua ujazo wake chini ya petroli, ukatikisa, halafu maji "yakaongezeka", hayo yaliyoongezeka si maji. Ni ethanoli iliyohama kutoka juu.

Shemeji yangu anafundisha kemia sekondari, akaniazima silinda ya kupimia ya maabara, ya mililita 100. Nzuri sana kwa kusoma, mbaya kwa kazi hii, kwa sababu haina kifuniko. Unatikisa kwenye chupa nyingine, unahamishia humo, na matone yanayobaki kwenye chupa ndiyo hayo hayo uliyokuwa unayatafuta. Nikarudi kwenye chupa moja tu, ya kioo, yenye kifuniko cha kufunga vizuri.

Chupa gani? Nilianza na ya divai, maana kwetu haziishi. Haifai. Chupa ya divai ina upana wa karibu sentimita 7, na humo mililita 4 zinanyanyua mstari kwa milimita moja tu. Macho yangu hayawezi kusoma milimita moja kupitia kioo cha kijani. Tafuta chupa nyembamba na ndefu isiyo na rangi, kama zile za pilipili ya dukani. Yenye upana wa sentimita 3 kwa ndani, mililita zile zile 4 zinanyanyua mstari zaidi ya nusu sentimita. Hapo mpaka mzee asiyevaa miwani anaona. Hakikisha tu inabeba zaidi ya mililita 150, la sivyo hutapata nafasi ya kutikisa. Kama yako ni ndogo, punguza vyote kwa nusu: maji 10, petroli 50, na ulichosoma uzidishe kwa mbili.

Duka la dawa nilinunua bomba la sindano la mililita 10, bila sindano. Unaingiza maji kwenye chupa mililita kumi kumi, kila mara unaweka alama, mpaka 120. Kati ya 20 na 30 weka alama za mililita moja moja, kwa sababu hapo ndipo kesi inapoamuliwa. Alama usiandike kwa maka peni kwenye kioo. Petroli ikidondoka nje inaifuta yote, nilishafanya kosa hilo. Bandika utepe wa karatasi kwa urefu wa chupa, andika kwa penseli. Na bomba la sindano litumie kwa maji tu. Mpira wake ukikutana na petroli unavimba na kukwama, la kwangu la kwanza lilikufa hivyo.

Baada ya hapo mwaga maji, kausha chupa kabisa, uanze. Maji mililita 20. Ili mstari uonekane, nilitumia maji ya rozela yaliyochujwa vizuri, mekundu kama damu ya zabibu. Rangi ya chakula nayo inafanya kazi. Petroli haiichukui rangi hiyo, maji yanaibeba. Halafu petroli mpaka alama ya 120, yaani mililita 100. Funga, tikisa kwa dakika moja, na kila baada ya kutikisa kidogo legeza kifuniko mvuke utoke, maana chupa inajaa presha. Iache imesimama dakika kumi au kumi na tano mpaka mstari utulie. Soma chini. Kama maji yamebaki 20, hakuna ethanoli ya kuonekana. Kama yamefika 25, una kama asilimia 5 au zaidi kidogo.

Kuhusu moto sitazunguka. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini kama maji na unaweza kulifikia jiko la mkaa lililo upande wa pili wa ua. Mimi napima nje, alfajiri, kabla jua la Dodoma halijaamka na kabla mtu hajawasha jiko. Watoto mbali, sigara mbali, na petroli unayopima haina haja ya kuzidi nusu lita.

Usiamini chupa yako kabla hujaijaribu. Hili ndilo watu wanaloruka. Chukua petroli mililita 90 ambayo umeshapima na kuona haina kitu, ongeza mililita 10 za spiriti ya mafundi seremala, halafu pima mchanganyiko huo kama mgeni. Mimi nilisoma 28 na nusu, si 30. Nikadhani nimeharibu. Shemeji akanicheka.

"Shemeji, ethanoli na maji vikichanganyika vinasinyaa kidogo, na nyingine inabaki juu na petroli. Chupa yako inasema ukweli, ila inasema kwa sauti ya chini."

Kwa hiyo ninachosoma huwa najua ni pungufu kidogo ya kilichomo. Spiriti ya duka la dawa usiitumie kwa jaribio hili. Nyingi ni ya asilimia 70, iliyobaki ni maji, itakuvuruga hesabu.

Nikarudi kwenye kesi yangu. Nilikwenda sheli ile ile, nikanunua lita moja kwenye chombo safi kikavu, nikachukua risiti ya EFD. Nikapima mara mbili, siku mbili tofauti. Mstari haukusogea: 20, 20. Kisha nikafungua mpira wa mafuta wa pikipiki yangu chini ya koki, nikachota kutoka kwenye tangi lenyewe.

Hapo sikuhitaji hata kuongeza maji. Kabla sijaweka chochote, chini ya chupa palikuwa na tabaka la kitu cheupe kilichofifia, kimetulia peke yake, kiasi cha vijiko viwili vya chai. Petroli ya juu nikaihamishia kwenye chupa kavu nikaipima: kutoka 20 mpaka 24. Ethanoli asilimia 4 na ushee, kwenye petroli iliyotoka kwenye pampu isiyo na ethanoli hata tone.

Aliyeiweka alikuwa fundi wangu, na mimi ndiye niliyelipia.

Hesabu zikakaa sawa nilipokaa kitako. Petroli yenye ethanoli chini ya asilimia 10 inaweza kubeba maji kidogo sana, hata hayafiki mililita 5 kwa lita, kabla haijashindwa. Spiriti yenyewe inakuja na maji yake ndani. Kwenye lita zangu saba hivi za tangini, nusu lita ya spiriti ilikuwa karibu imeshiba kabla haijakutana na maji yaliyokuwemo. Ilipokutana nayo haikuyanywa. Sehemu ya ethanoli ilishuka kwenda kwa maji, na tabaka la chini likanenepa, likapanda mpaka kufikia mdomo wa koki. Fundi alitaka kukausha maji akayalisha. Kama maji ni matone machache tu, dawa yake inafanya kazi kweli, na ndiyo maana mafundi wanaiamini. Kwa maji ya kikombe, dawa ni kufungua koki na kumwaga tangi lote.

Na maji yale yalitoka wapi? Mpira wa kifuniko cha tangi ulikuwa umepasuka. Dodoma miezi saba hakuna mvua, mtu hakumbuki kwamba kifuniko kina mpira. Mvua za Januari zikapita hapo hapo, na kijana wa kuosha pikipiki akamalizia kwa bomba la presha.

Nilimpelekea fundi chupa zote mbili, iliyotoka pampuni na iliyotoka tangini. Akazinyanyua juani, akazitazama muda mrefu.

"Sasa kaka, si ungeniambia mpira umepasuka?"

Sikuwa na jibu la maana, maana tangi ni langu.

Naona watu wanachanganya mambo mawili, niyatenganishe. Kipimo hiki hakikuonyeshi mafuta ya taa. Mafuta ya taa hayapendi maji kama vile petroli isivyoyapenda. Utatikisa mpaka mkono uchoke na mstari utabaki 20. Na kwa historia yetu, uchakachuaji uliotutesa ni wa mafuta ya taa, si wa pombe. Ndiyo sababu EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, walianza 2010 kuweka vinasaba kwenye mafuta, yaani kemikali ya alama ya kugundua yaliyochanganywa, na 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili tofauti ya bei isimtamanishe mtu. Vinasaba huwezi kuviona nyumbani kwa kifaa chochote cha jikoni. Unachoweza ni kudondosha tone la petroli kwenye karatasi nyeupe, kivulini. Petroli safi inapaa na karatasi inabaki kama ilivyokuwa. Yenye mafuta ya taa inaacha doa la mafuta na harufu isiyotoka upesi. Ni kipimo cha kukutia shaka tu, usikitumie kumpeleka mtu polisi.

Ukiwa na shaka na sheli kwa kweli, chota mbele yao, moja kwa moja kwenye mdomo wa pampu, chombo kikavu, risiti mkononi. Omba meneja apime tangi la ardhini kwa ile dawa wanayopaka kwenye kijiti, inayobadilika rangi ikigusa maji. Asiye na la kuficha anakubali. Akikataa, makao makuu ya EWURA yako hapa hapa Dodoma, na malalamiko yenye risiti na tarehe yanasikilizwa tofauti na malalamiko ya kwenye kijiwe cha bodaboda. Sampuli kutoka kwenye tangi lako haimshitaki mtu yeyote isipokuwa wewe. Vivyo hivyo petroli ya chupa ya barabarani huko vijijini. Huwezi kujua chupa ile jana ilikuwa na nini.

Petroli uliyoipima usiirudishe kwenye tangi, imeshalala na maji. Yangu natumia kuoshea cheni. Tabaka la chini nalimwaga kwenye kopo wazi mbali na nyumba lipae lenyewe, sio shimoni karibu na kisima wala kwenye mizabibu. Chupa ya pilipili ipo juu ya kabati la stoo, imeandikwa SUMU pande zote mbili, na mpira mpya wa kifuniko naukagua kila mwezi wa kumi na moja, kabla wingu la kwanza halijaonekana upande wa Kongwa.