"Wadeni wetu" ni tunaowadai au wanaotudai?

Msomaji wetu wa Chang'ombe, Dodoma, anauliza: "Kwenye jumuiya tunasali 'utusamehe makosa yetu, kama tunavyowasamehe na sisi waliotukosea'. Jirani yangu Mwanglikana kanionyesha Biblia yake, Mathayo 6:12: 'Utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu.' Mdeni wangu si ndiye anayenidai? Namsameheje mtu ambaye mimi ndiye nina hela yake? Na hilo 'kama' ni sharti?"

Hapana, ndugu yangu. Mdeni ni mwenye deni shingoni. Anayelifuatilia ni mdai. Kwa hiyo "wadeni wetu" ni watu tunaowadai sisi. Si wewe peke yako unayechanganya. Nasikia watu wakisema "wadeni wangu wamenijia alfajiri" wakimaanisha waliokuja kudai. Neno tulilobaki nalo mtaani ni "mdaiwa", hasa yule mdaiwa sugu wa bili ya maji. Ukifika kwenye mstari ule, soma "wadaiwa wetu" na maana itakaa sawa.

Luka 11:4 ina neno gumu zaidi: "tunamsamehe kila tumwiaye". Kuwia hapa ni kudai, na anayedaiwa huwiwa. Ndiyo maana katika Mathayo 18 yule mtumwa aliyesamehewa talanta elfu kumi anamkaba koo mwenzake kwa dinari mia na kumwambia, "Nilipe uwiwacho." Usiichanganye na ile ya "niwie radhi", iliyotokana na kuwa: uwe radhi kwangu.

Je, tuseme deni au makosa? Mathayo mwenyewe anayo yote mawili: mstari wa 12 deni, mstari wa 14 "mkiwasamehe watu makosa yao". Sala yako na ya jirani yako zote ni sahihi. Lakini mimi napenda "deni" lisipotee, kwa sababu kitenzi kusamehe kimelizoea. Tunasema msamaha wa kodi. Tunasema "kanisamehe deni", mtu na kitu vikibebwa na kitenzi kimoja, kama katika "kanipa maji".

Niliwahi kusimama kwenye duka moja pale Majengo, muuza duka akafungua daftari la mikopo, akapiga mstari kwenye jina la mama mmoja aliyefiwa. Nikamuuliza kama amelipa. "Hajalipa. Nimemsamehe elfu nane yake." Sikiliza hiyo "yake". Unga ulichukuliwa kweli na hela haikurudi. Hakusema "si kitu", maana kilikuwa kitu, tena kwa duka dogo ni kitu kikubwa. Wengi tunaogopa kusamehe tukidhani ni kukana kwamba tuliumizwa. Lugha yetu haisemi hivyo: kisichodaiwa hakisameheki.

Sasa hilo "kama". Lingekuwa "kama tunawasamehe", hapo lingekuwa sharti. Lakini "tunavyowasamehe" lina -vyo-, la namna: jinsi ile ile tunayowasamehe wengine. "Tuwasamehevyo" ni -vyo ile ile, imekaa mwishoni kwa sababu kitenzi hakina kiambishi cha wakati. Sharti lipo, ila limekaa mstari wa 14, kwenye -ki- ya "mkiwasamehe". Kwa hiyo zamu yako ya kuongoza sala ikifika, tamka -vyo- wazi. Wengi wetu huimeza kwa haraka, na bila hiyo tunakuwa tumesali sentensi nyingine.