Mstari ukivimba, msiilaumu leza kwanza

Ninyi mnaoanza kazi kwenye maabara ya leza, kuna jambo mtakutana nalo wiki za mwanzo tu. Mtapitisha mwale kwenye chupa ya gesi, mtabadilisha masafa ya leza (idadi ya mitetemo ya mwanga kwa sekunde) polepole, na kwenye skrini utatokea mstari, yaani alama ya masafa ambayo atomu za gesi hunyonya mwanga, ukiwa mnene pale mlipotarajia mistari miwili mitatu myembamba. Wengi hapo hapo huilaumu leza. Wanaomba yenye nguvu zaidi, au nyingine iliyo ghali zaidi. Mimi huwaambia wasubiri kidogo, kisha huwasimulia habari za mwanafizikia Arthur Schawlow, aliyefariki tarehe 28 Aprili 1999, kwa sababu tatizo hilo alihangaika nalo tangu akiwa mwanafunzi.

Schawlow alizaliwa Mount Vernon, New York, mwaka 1921, akakulia Toronto na kusoma huko mpaka shahada ya uzamivu. Watu wengi wanamkumbuka kwa makala ya mwaka 1958 aliyoandika pamoja na Charles Townes, iliyoonyesha kwamba kanuni iliyokuwa ikitumika kukuza mawimbi ya mikrowevu ingeweza kutumika kwa mwanga pia. Mimi namkumbuka zaidi kwa kazi iliyotangulia. Huko Toronto alishughulika na chanzo cha mwanga kilichotumia mkondo wa atomu: atomu zinapita upande mmoja, na mwanga wake unatazamwa kutoka ubavuni, ili mwendo wake usiinenepeshe mistari. Alikuwa anapambana na athari ya Doppler wakati leza haijazaliwa.

Athari hiyo ielewekeni vizuri, maana ndiyo adui wenu mkuu. Atomu inayoujia mwale huuona mwanga ukiwa na masafa ya juu kidogo; inayoukimbia huuona ukiwa na masafa ya chini. Ndani ya chupa atomu zinakwenda kila upande. Hidrojeni, kwa kuwa ni nyepesi kuliko zote, katika joto la kawaida la chumba hukimbia kwa wastani wa zaidi ya kilomita 2 kwa sekunde. Matokeo yake mstari wake mwekundu wa nanomita 656 huvimba hadi kufikia takriban gigahetzi 6. Ndani ya uvimbe huo kumefichwa pengo la Lamb, yaani tofauti ndogo kati ya ngazi mbili za nishati za hidrojeni zinazokaribiana sana, ambalo ni karibu megahetzi 1,058 tu, gigahetzi moja na kidogo. Willis Lamb na Robert Retherford walilipima mwaka 1947 kwa mikrowevu, lakini kwa mwanga hakuna aliyekuwa ameweza kuliona likiwa limejitenga waziwazi.

Sasa fikirini: leza yenye nguvu mara kumi ingesaidia nini hapo? Haisaidii kitu, kwa sababu atomu zinaendelea kukimbia vilevile. Tena nguvu ikizidi, mstari unanenepa zaidi.

Dawa ilikuwa ni kuzichagua atomu. Chukua mwale mmoja, ugawe sehemu mbili, mmoja wenye nguvu na mwingine dhaifu, uipitishe kwenye gesi ile ile ikitokea pande zinazoelekeana. Masafa ya leza yakiwa kando ya katikati ya mstari, mwale wenye nguvu unazigusa atomu zinazokwenda upande mmoja, na ule dhaifu unazigusa zinazokwenda upande wa pili. Hakuna anayemwingilia mwenzake. Yakifika katikati kabisa, yote miwili inazigusa atomu zile zile, zile ambazo haziujii mwale wala haziukimbii. Mwale wenye nguvu umeshazinyanyua nyingi hadi ngazi ya juu ya nishati, hivyo ule dhaifu unapenya kwa urahisi, na kwenye skrini kinatokea kishimo chembamba. Wanafizikia Christian Bordé kule Ufaransa na Theodor Hänsch waliifikia njia hii kila mmoja kivyake karibu na mwaka 1970. Hänsch akajiunga na Schawlow katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na mwaka 1972, wakiwa na Issa Shahin, walitumia leza ya rangi, ile inayotoa mwanga kwa kemikali ya rangi, ambayo masafa yake yaliweza kurekebishwa, wakaliona pengo la Lamb kwa mwanga. Miaka miwili baadaye kipimo cha namba ya Rydberg, ile inayotumika kukokotoa masafa ya mistari ya hidrojeni, kilikuwa kimeboreshwa karibu mara kumi.

Nawaomba muige mpangilio huo wa kufikiri. Mstari ukivimba, ulizeni unavimbishwa na nini, kisha jaribuni jambo moja moja. Punguzeni nguvu kwa nusu kwa kuweka kichujio: ukikonda, kosa lilikuwa nguvu. Punguzeni msukumo wa gesi: ukikonda, ni kugongana kwa atomu. Tanueni mwale: ukikonda, atomu zilikuwa zinapita haraka mno. Angalieni pia kama miale miwili inaelekeana sawasawa, maana pembe ndogo tu kati yake inarudisha sehemu ya Doppler. Yote hayo yakishindikana, hapo ndipo leza yenyewe ishukiwe. Kila badiliko liandikwe daftarini siku ile ile, pamoja na lile ambalo halikuleta tofauti. Na miwani ya kinga ivaliwe kila mara, saa na pete zivuliwe. Kwa hili sina mjadala na mtu.

Kuna jambo jingine ninalompendea Schawlow. Septemba 1959 alisema hadharani kwamba mistari ya rubi (aina ya kito) ya waridi haitafaa kwa leza. Mei 1960 Theodore Maiman akaiwasha leza ya kwanza kwa rubi hiyo hiyo. Schawlow hakuiacha rubi. Yeye na mwenzake walitengeneza leza kwa rubi iliyokolea rangi, ile aliyoipendekeza yeye, nayo ikawaka. Baadaye, pamoja na Hänsch, alijaribu kufanya leza kwa jeli za kula za ladha mbalimbali. Zote zilikataa. Wakatengeneza jeli isiyo na rangi wakaitia fluoresini, kemikali ya rangi inayong'aa, ikafanya kazi, na matokeo yakachapishwa mwaka 1971. Mtu aliyekuja kupewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1981 hakuona aibu kujaribu kitu cha bei ya chini. Nanyi msione aibu.

Mwaka 1975 Schawlow na Hänsch walipendekeza pia kwamba mwanga wa leza unaweza kuzipunguzia atomu kasi, yaani kuipoza gesi. Badala ya kuzichagua atomu zilizotulia, mnazituliza nyingine. Wengine waliikamilisha kazi hiyo, na Nobeli yake ikatoka mwaka 1997, Schawlow akiwa bado hai.

Zoezi lenu la kwanza litakuwa chupa ya mvuke wa rubidi, aina ya metali, na leza ya nanomita 780, miale miwili ikielekeana. Mtaona vishimo vingi kuliko mistari iliyomo vitabuni. Msidhani chupa ni chafu. Pale mistari miwili inapotoka kwenye ngazi moja ya chini ya nishati, hutokea kishimo cha ziada kutokana na atomu zinazokwenda kwa kasi inayofanya mwale mmoja uguse mstari huu na mwale wa pili uguse ule. Hukaa katikati kamili ya mistari miwili, na mara nyingi huwa kirefu kuliko vile halisi. Pimeni masafa yake kabla ya kuniita.