Je, nimekufuru kwa kuigiza mchawi?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Mimi ni binti wa miaka 23, naishi Bagamoyo, naigiza filamu. Nimecheza mchawi, na mwenyekiti wa jumuiya yetu akatangaza mbele ya watu kwamba nisikomunike mpaka niache "kazi ya shetani". Sasa nimepata nafasi kubwa zaidi, ila ina sini ya kitandani, na prodyuza anataka tuifanyie mazoezi usiku, gesti. Mama ni mjane, wadogo zangu wanasoma kwa hela hii. Niache?

JIBU: Milele amina, binti yangu. Kilichoniuma ni wewe kubaki kwenye benchi wenzako wakienda kukomunika. Mwenyekiti anaongoza sala na michango, hana mamlaka ya kumfungia mtu Komunyo. Kanuni ya 912 ya Sheria za Kanisa inasema kila mbatizwa asiyekatazwa na sheria aruhusiwe kukomunika. Kama dhamiri inakushtaki kwa jambo jingine, pitia kitubio kwanza. Kwa uchawi wa kwenye filamu, hapana.

Hoja yake ni kwamba anayetamka maneno ya mchawi amewaita mashetani. Basi Ijumaa Kuu, Mateso yakisomwa, nani anapaza sauti "Msulubishe"? Yeye, mimi na kanisa zima, na baada ya hapo tunakomunika. Nathani naye alimsimulia Daudi habari ya tajiri aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake wa pekee. Ni kisa cha dhuluma, na ndicho kilichomfumbua macho mfalme. Mwaka 1963 Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika Inter Mirifica, hati yake kuhusu vyombo vya habari na filamu, ulikiri kwamba kuonyesha uovu kunaweza kutusaidia kumjua binadamu kwa undani, mradi sheria ya maadili isivunjwe. Na Karol Wojtyła, kabla hajawa padre, aliigiza kwa siri huko Poland, Wanazi wakiwa wameikalia nchi. Leo tunamwita Mtakatifu Yohane Paulo II. Mwenyekiti angemwambia nini?

Niliwahi kuwakuta wakishuti hapo ufukweni. "Mchawi" wao alifunga kaniki, majivu usoni, ungo kwapani. Dairekta aliposema kata, akakaa kwenye ngalawa akaanza kula mihogo ya kukaanga, akaniona: "Shikamoo, Padre!" Shetani simwoni hapo, namwona mtu mwenye njaa. Lakini wakimleta mganga wa kweli kuzindika kazi isikwame, ondoka. Hayo si maigizo tena.

Sasa hiyo ya kitandani. Uchawi wa filamu ni wa kubuni, ila mwili wako si wa kubuni, wala mkono unaokushika. Katekisimu, namba 2354, ikieleza ponografia inataja matendo ya kimwili ya kweli au ya kuigiza. Kwa hiyo "tunaigiza tu" haikuokoi. Sisemi kila kitanda ni dhambi. Mume na mke wamelala, wanagombana kwa sababu ya ada ya shule, taa inazimwa: cheza. Dai skripti nzima, usielezwe kwa mdomo. Kama inakutaka uvue nguo au ushikwe kwa tamaa, omba kamera iishie mlangoni. Wakikataa, nafasi hiyo iache.

Na hayo mazoezi ya gesti, mwanangu, usiyaite mazoezi. Ni mtego wa rushwa ya ngono, na sheria ya kupambana na rushwa ya mwaka 2007 inaitambua kuwa kosa. Usiende, hata "kuongea tu". Ujumbe wake usiufute. Piga TAKUKURU, taasisi ya serikali ya kupambana na rushwa, namba 113, ni bure. Kukutana na mtu huyo kuwe mchana, mahali penye watu, tena ukiwa na mwenzako. Hujamkosea Mungu kwa kutongozwa, usije ukabeba aibu isiyo yako.

Ada ya wadogo zako isikusukume kwenye mlango huo. Mwone paroko kabla shule hazijafunguliwa, umweleze kama ulivyonieleza mimi. Karitas, huduma ya misaada ya parokia, ipo kwa ajili ya nyumba kama yenu. Mama naye ajue, japo kwa uchache. Na Jumapili ukimkuta mwenyekiti mlangoni, mwamkie, upite ukakae mbele.