Je, binti wa Kilatino bado ana nafasi vyuo vikubwa vya Marekani?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Naishi Houston, Texas. Jirani yangu ametoka Honduras, na binti yake yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, wa 11 kati ya wanafunzi 400. Huyo ndiye humtafsiria mama yake hospitalini tangu akiwa mdogo. Baba yake anasema mahakama imeshawafungia Walatino, yaani watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, mlango wa vyuo vikubwa na ada hawaiwezi, bora asome chuo cha jamii, kile cha miaka miwili, akiwa nyumbani. Nimwambie nini? – Msomaji, Houston

JIBU: Marahaba. Mwambie binti aombe, na asichelewe.

Baba ana sababu ya kuogopa. Juni 29, 2023, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataza vyuo kutumia rangi au asili ya mwombaji kama kigezo. Kundi la kwanza lililochaguliwa baada ya hapo, pale chuo cha MIT Walatino walishuka kutoka asilimia 16 hadi 11, na chuo cha Amherst kutoka 12 hadi 8. Inauma, maana Walatino ni karibu mmoja kati ya kila Wamarekani watano. Lakini mwaka huohuo chuo cha Yale walifika asilimia 19, na Harvard walipanda hadi 16, ingawa mwaka 2025 Harvard wameporomoka hadi 11. Takwimu zinazoyumba hivi hazitoshi kumkatisha mtoto tamaa.

Tena yeye yuko Texas! Huko kuna sheria ya mwaka 1997, iliyotungwa baada ya mahakama ya rufaa kuzuia kigezo cha rangi jimboni humo. Aliye miongoni mwa wanaoongoza katika shule yake hupokewa moja kwa moja chuo kikuu cha umma, awe wa asili yoyote. Kwa UT Austin, yaani Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, wanaoingia kwa njia hiyo kuanzia 2026 wanatakiwa wawe ndani ya asilimia 5 ya juu. Wa 11 kati ya 400 yumo. Ila asipotuma maombi kwa wakati, nafasi hiyo haimfuati nyumbani.

Kuhusu ada, bei iliyotangazwa siyo inayolipwa na kila mtu. Harvard, kuanzia mwaka wa masomo 2025–26, familia yenye kipato cha dola 100,000 au pungufu, na mali za kawaida, hailipi ada, chakula wala bweni. Vyuo vinatakiwa kisheria kuweka kikokotoo cha gharama kwenye tovuti zao. Keti na baba mezani, mkijaze pamoja kwa kipato chake halisi, aone mwenyewe.

Kwenye insha ya maombi, binti aandike habari za hospitali. Hukumu ileile, iliyoandikwa na Jaji Mkuu John Roberts, inaruhusu chuo kuzingatia jinsi asili ya mwombaji ilivyogusa maisha yake, mradi ihusiane na uwezo au tabia yake. Basi asiishie kusema mimi ni Mlatino. Aeleze daktari alisema nini, yeye akamwambiaje mama, na alijifunza nini pale.

Usimbishie baba kuhusu mtoto kukaa karibu. Huenda nyumba inamtegemea binti huyo kuliko wanavyosema, na hilo linahitaji mazungumzo ya upole, ikiwezekana mama akiwepo. Lakini mweleze pia kwamba wengi wanaoanzia chuo cha jamii kwa nia ya kuhamia chuo kikuu hawaifikii shahada. Chuo hicho kiwe akiba, aombe UT Austin kwanza.