Re: Mwarobaini umeua seli za kansa maabara, ninywe kujikinga?

Dadangu pole pole na hiyo chupa ya mwarobaini ya soko la Muthurwa. Seli za kansa kwa kisahani cha maabara hata spiriti inaziua, swali ni kama hiyo dawa inaacha seli zenye afya bila kuziua, na ikishapita tumbo na ini inabaki na nguvu gani. Na kinga ndio ngumu zaidi kupima, unafuata watu wenye afya miaka mingi uone nani ataugua. Finland waliwapa wavuta sigara vidonge vya beta-karotini, ile rangi ya karoti, matokeo ya 1994 yakaonyesha waliomeza ndio walipata kansa ya mapafu zaidi, fikiria! Mimea ina nguvu kweli, vinkristini ya kutibu lukemia (kansa ya damu) ilitoka kwa ua la Madagaska, lakini hiyo ni sindano yenye kipimo, si sufuria ya majani. Binti akifika miaka 10 mpeleke chanjo ya HPV, virusi vinavyoleta kansa ya mlango wa kizazi, tafadhali.